Cheniwili Ndogo kwa Goti la Zamani

Sisi tuliokulia katika nyumba za reli kule Makongeni hatukuhitaji saa ukutani. King'ora cha karakana kilipolia jioni, barabara yote ilijaa kengele za baiskeli, baba zetu wakirudi kwa makundi, miguu ya suruali imebanwa kwa klipu isiliwe na cheni, na kila mtoto alimtambua wake kwa mlio wa kengele kabla hajamwona. Wenzangu wa rika langu mnaosoma haya, najua mnatabasamu. Na nyinyi wa juzi, mnaomwita mtu wa pikipiki awaletee sukuma wiki kutoka kibanda kilicho ng'ambo tu ya geti, ketini niwaeleze, maana leo nina hasira kidogo na nimeamua kuitumia vizuri.

Enzi hizo hakuna kitu cha baiskeli kilichotupwa. Ringi ikipinda, wavulana waliivua na kuisukuma kwa kijiti kutoka kwetu hadi Kaloleni na kurudi, wakipiga honi kwa midomo. Tyubu ikijaa viraka mpaka ikakosa mahali pa kuweka kingine, sisi wasichana tuliikata vipande vyembamba, tukaviunga, tukapata blada ya kuruka. Tuliruka blada mpaka miguu ikawa myeupe kwa vumbi, mpaka mama mmoja aite kutoka mlangoni, na akiita mmoja ni kama wameita wote. Spoki zilizokufa zilichoma nyama siku ya Krismasi. Hata nguo zetu za kanisani zilinuka grisi kidogo, grisi na sabuni ya kipande na omena, wale dagaa wa jirani, na hakuna aliyeona ajabu.

Lakini kuipanda baiskeli yenyewe yalikuwa mambo ya wavulana. Nyumbani kwetu sheria ilitoka kwa Mama, na Mama aliipata kwa mamake kule Bungoma: msichana anayepanda baiskeli hazai. Hakuna aliyewahi kueleza ni kwa nini, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Mama alikuwa mpole kwa wageni, mwimbaji wa kwaya, mtu wa kugawa chumvi yake hata ikiwa kijiko cha mwisho, lakini kwa jambo hilo alikuwa mkavu kabisa. Ndugu yangu mdogo, ambaye hakuweza hata kujifunga kamba za viatu, aliruhusiwa kupitisha mguu chini ya bomba la fremu na kwenda zake ameinamia upande mmoja, huku mimi nimesimama na karai la nguo.

"Msichana hubebwa," Mama alikuwa akisema. "Anakaa nyuma kwenye keria, miguu pamoja."

Nimezaa wanne, na hakuna hata mmoja aliyechelewa kutoka.

Baba hakuwa mtu wa ugomvi. Alishinda karakanani akipiga chuma wiki nzima, akirudi nyumbani alitaka chakula na kimya. Jumamosi mchana, kazi ikiisha mapema, aliketi mbele ya nyumba na kutengeneza baiskeli za mtaa, moja baada ya nyingine, zimepinduliwa magurudumu juu kwenye vumbi. Siku moja aliniita nimshikie spana. Siku iliyofuata akaniita tena. Mama alipomuuliza anamfanyia nini mtoto wa kike, Baba alimjibu bila kuinua kichwa kwamba mtoto ameketi chini, ameshika spana, na yeye hajawahi kusikia mwanamke aliyekosa kuzaa kwa sababu ya spana. Katazo lake lilihusu kupanda, na kweli mimi sikupanda kitu.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kubadilisha cheniwili, lile gurudumu la meno lililoko pale penye pedeli, linalovuta cheni. Katika baiskeli zile nyeusi za chuma, cheniwili na mkono wa pedeli vilikuwa kitu kimoja, na vilishikwa kwenye ekseli kwa pini nene ya chuma, pini ya kota. Kuitoa pini hiyo unaweka gogo chini yake, halafu unaipiga nyundo mara moja kwa moyo wote, kwa sababu ukiipiga kwa woga inapinda na hutoki hapo leo. Pini mpya nayo haikuwahi kuingia vile ilivyotoka dukani. Lazima uipige tupa, kile chuma cha kukwaruzia, upande mmoja, uijaribu, uipige tena, mpaka ikubaliane na tundu lake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

"Tupa kwanza," Baba alinifundisha. "Kitu kipya hakijui kinakoenda."

Basi nilipiga tupa. Nilipiga mpaka vidole vikanuka chuma hadi ibada ya Jumapili. Kwetu hakuna kitu kipya kilichofungwa bila kupitishwa tupa kwanza, iwe kina haja au hakina.

Jirani yetu Baba Oduor, aliyeimba besi kwenye kwaya na kutembea kama mtu anayejua hivyo, alileta baiskeli yake Jumamosi moja akilalamika kwamba cheni inaruka. Meno ya cheniwili yalikuwa yamekwisha. Baba aliitazama, akavuta kigoda, akamimina chai yake ya rangi, na kuniambia niifanye yote mwenyewe. Baba Oduor alitaka kucheka, kisha akaona uso wa Baba akaacha. Nilitoa pini, nikatoa cheniwili kuukuu, nikaweka mpya, nikapiga tupa, nikagonga. Nilipomaliza, mwenye baiskeli akanyoosha mkono aichukue. Baba akauzuia.

"Ngoja kwanza," alisema. "Kazi hujaribiwa na aliyeifanya. Fundi, panda."

Wanawake walikuwa wamepanga ndoo kwenye bomba la maji, na Mama alikuwa kati yao. Nilimtazama. Alishika ndoo yake tu. Sikuwa nimepanda baiskeli hata siku moja, ingawa kichwani nilikuwa nimeipanda kila siku ya maisha yangu. Nilipitisha mguu chini ya bomba la fremu kama nilivyowaona wavulana wakifanya, nikakanyaga, nikayumba, nikakanyaga tena. Nikapita penye bomba la maji. Cheni ilikuwa imetulia, hairuki, hailii, na upepo ulikuwa unaingia ndani ya gauni langu. Nilikwenda mpaka mwisho wa safu ya nyumba, na huko nikaanguka katikati ya sukuma wiki za watu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenifundisha kukata kona. Nikainuka nikarudi nimeipanda.

Jioni ile Mama alinipakulia ugali bila kunitazama. Halafu akasema, "Ukianguka tena usije kulia kwangu." Sote mezani tulijua kwamba kwa Mama hiyo ndiyo ruhusa, na Baba akainamia sahani yake asionekane anavyocheka.

Sasa tuje huku kwa leo. Nimepita sitini. Nakaa Buruburu, nashona mapazia, na kila Jumanne naenda Eastleigh kuchukua vitambaa kwa bei ya jumla. Naenda kwa baiskeli. Ni ya mtumba, ile aina ya milimani yenye cheniwili tatu mbele, kubwa, ya kati na ndogo, na nyuma nimeifunga keria ya kubebea marobota. Magari yakisimama First Avenue mimi napita kando yake polepole, nawapungia mkono walio ndani. Vijana wa mtaa wetu wananishangaa, halafu jioni wanaingia jimu kukanyaga baiskeli zilizofungwa sakafuni, wanatoka jasho na hawajafika popote.

Wiki chache zilizopita nilikuwa nakanyaga kwenye ule mpando unaotoka mtoni kuingia Eastleigh. Cheni ikaruka. Mguu uliokuwa unasukuma kwa nguvu zote ukakosa cha kusukuma, goti likagonga usukani, nikajikuta nimelala barabarani na robota la mapazia ya kumpelekea mteja juu yangu. Watu wema waliniinua. Goti likafura kama mandazi.

Sela, kitinda mimba wangu, anafanya kazi ofisini mjini na tunakaa pamoja. Ananipenda, na ninalisema hilo kabla sijamlalamikia. Alinikanda goti, akaninunulia dawa, akanipikia uji. Nilipoanza kutembea vizuri akaketi mbele yangu na sauti ile laini ya watu wa ofisini.

"Mathe, hiyo baiskeli iende," alisema. "Ukitaka kufika Eastleigh niambie tu, nakuitia gari kwa simu, linakuchukua hapa getini. Kuna jamaa anakuja kuichukua Jumamosi. Umri umeenda. Si vibaya kubebwa."

Neno lile la mwisho liliniingia vibaya. Nilingoja aende kazini, nikaishusha miwani puani na kuikagua baiskeli kama mtu anayetafuta chawa. Nililolitafuta nililipata mara moja. Meno ya cheniwili yalikuwa yamelika mpaka yakawa membamba na kulala upande mmoja, na cheni nayo ilikuwa imerefuka kupita kiasi kwa uzee. Cheni ingeruka hata chini ya mtoto wa miaka ishirini. Mimi nilikuwa nimehukumiwa uzee kwa kosa la vyuma. Nilikasirika pale uani peke yangu, na niliapa kwamba Jumamosi baiskeli haitoki getini kwangu isipokuwa mimi niwe juu yake.

Hata hivyo goti ni goti, na sikutaka kujidanganya. Cheniwili kubwa inakwenda mbali kwa kila mzunguko lakini inakula nguvu. Ndogo inakufanya ukanyage mara nyingi, lakini inapanda mpando kwa huruma. Enzi zetu kubwa ndiyo ilikuwa heshima. Mwenye cheniwili kubwa alipita mtaani taratibu ili watu waihesabu meno. Kwa hiyo nilipoenda Gikomba, pale wanapovunja baiskeli za mtumba na kuuza vipande, na kuomba seti ndogo kuliko niliyokuwa nayo, ulimi ulikuwa mzito. Kijana wa kibanda alinitazama juu hadi chini.

"Shosh, hizi ni za kupanda mlima," aliniambia, na shosh ni bibi kwa lugha yao. "Unabebea nani?"

Nikamwambia ni zangu, na mlima ni wangu pia.

Ijumaa mchana niliipindua baiskeli uani. Sikuhitaji nyundo wala gogo, maana siku hizi kuna chombo cha kukaza kwenye mkono wa pedeli, unakizungusha na wenyewe unatoka kwa adabu. Bolti ndogo zinazoshika cheniwili ndizo zilizonitesa. Zilikuwa zimeshikana kwa kutu, nikazilowesha kwa mafuta ya taa, nikazingoja, nikazirudia mpaka zikaachia. Nikasugua kila kitu kwa mswaki wa zamani. Kisha nikazifungua zile mpya kwenye karatasi, na lazima nikiri zilikuwa nzuri, zinang'aa kama sufuria ya mgeni.

Kwenye ile kubwa nikaona kitu. Kipande cha chuma, kidogo kama punje ya mchele, kimechomoza upande wa nje karibu na meno. Nikasema moyoni, angalia kazi za viwanda vya siku hizi, wanauza kitu hata hakijasafishwa. Mkono ukaenda wenyewe kwenye tupa. Nilikuwa nimeanza kupiga, tena kwa raha, Sela alipoingia kutoka kazini na kusimama juu yangu.

"Mathe, unafanya nini?"

Nikamweleza. Akatoa simu, akapapasa kioo, akaniletea picha usoni. "Acha hivyo. Imewekwa makusudi. Inakaa nyuma ya mkono wa pedeli, cheni ikiruka nje isinase pale katikati."

Nilitazama picha. Nikatazama cheniwili. Nikaiweka mahali pake, na kweli kile kipande kilikaa pale pale kinapotakiwa, kikaziba nafasi ambayo cheni ingenasa. Nilikubali shingo upande. Tupa ilikuwa imekikwaruza tu, haikuwa imekila. Zile enzi za pini za kota kila kitu kipya kilikuwa kipofu mpaka ukionyeshe njia, lakini hiki kilijua kinakoenda kuliko mimi. Sikumwambia Sela hivyo. Nilimwambia ashike hapo, asisimame bure.

Akashika, na kucha zake zilizopakwa rangi. Nikazikaza bolti kwa kuruka, hii kidogo, ile ya upande wa pili kidogo, kwa sababu ukikaza moja mpaka mwisho cheniwili inakaa upande na itakulilia barabara nzima. Nikarudisha mkono wa pedeli. Nikafunga cheni mpya, nikapunguza pingili zake kwa kuwa meno yamepungua, na kushusha kile chuma kinachoisukuma cheni kutoka cheniwili moja hadi nyingine. Kisha nikazungusha pedeli kwa mkono. Ilikwenda kimya. Sela aliisikiliza kwa muda.

"Inaenda poa," alisema. "Lakini yule jamaa bado anakuja kesho."

Hapo ndipo nilipoweka baiskeli rehani. Nilimwambia asubuhi naenda Eastleigh. Nikishuka kwenye mpando nikaisukuma, huyo mtu aichukue na sitasema neno, na siku za baadaye nitabebwa popote atakapotaka. Nisiposhuka, asiiguse. Sela akauliza atajuaje kama nilishuka. Nikamjibu ataniuliza, na tangu azaliwe sijawahi kumdanganya. Alikubali haraka sana. Nilijua alikuwa anategemea goti langu limfanyie kazi yake.

Asubuhi ile ilikuwa na baridi, na mto ulinuka kama kawaida yake. Nilipofika chini ya mpando niliiteremsha cheni hadi kwenye cheniwili ndogo, na miguu ikaanza kuzunguka upesi huku baiskeli ikienda taratibu hadi aibu. Mtu wa mkokoteni alinipita. Mkokoteni una viazi, unapanda, na ulinipita. Makanga mmoja, kondakta wa matatu, alitoa kichwa mlangoni akaniambia, "Shosh, shuka usukume, utafika tu." Ningemjibu, lakini pumzi niliyokuwa nayo ilikuwa na kazi nyingine. Katikati goti likaanza kuuma, si kidogo. Nikafikiria kushuka. Hakuna aliyekuwa ananiona anijuaye, na Sela angeamini lolote ambalo ningemwambia, na hilo ndilo lililonishika kwenye kiti. Cheni haikuruka. Kila nilipokanyaga kulikuwa na kitu chini ya mguu wangu, kimeshika, kinasukumika.

Nilifika juu nikitweta, nikaegemea ukuta wa duka la mazulia, machozi yakinitoka. Nilifurahi mno. Mwenye duka alinipa kiti na maji, akauliza kama kuna msiba.

Niliporudi Buruburu, mnunuzi alikuwa amesimama getini na Sela, ameleta kamba ya kuifungia. Sela hakunisalimu.

"Ulishuka?"

"Sikushuka."

Alinitazama usoni, akatazama goti, akarudi usoni. Kisha akamgeukia yule mtu, "Pole, boss. Mwenyewe hauzi." Jamaa akanung'unika, akakunja kamba yake, akaenda. Sela aliingia ndani, akatoka na barafu kwenye mfuko, akaibamiza mezani mbele yangu kwa hasira ambayo ningeitambua popote, maana ni ya mamangu.

Nimekaa na barafu hiyo gotini ninapoandika haya. Nilikatazwa baiskeli kwa sababu ni msichana, na sasa nakatazwa kwa sababu ni mzee. Nikiutafuta muda ambao dunia ilikubali kwamba umri wangu unafaa kupanda baiskeli, ni ule niliokuwa na mimba au mtoto mgongoni. Enzi zetu tulikatazwa kwa ukali, na mtu mkali unaweza kumkimbia ukajificha kwa jirani mpaka apoe. Siku hizi unakatazwa kwa upendo, unaletewa uji, unaitiwa gari mpaka getini, na unabaki huna pa kukimbilia kwa kuwa hakuna aliyekukosea. Nawatamani wale wakali wetu. Angalau nao walikuwa wakijua wanapigana na mtu.

Jumanne naenda kuchukua vitambaa.